Msemaji wa Mpima Maziwa

Ukiwa afisa wa wafanyakazi katika kiwanda cha maziwa, unapewa kila kazi isiyo na mwenyewe. Mimi nimewahi kukabidhiwa timu ya mpira, mti wa Krismasi, choo cha wageni na paka wa stoo. Kwa hiyo barua pepe ilipofika kutoka makao makuu Nairobi, ikisema kila tawi lianzishe mpango wa ushauri nasaha kwa wafanyakazi, meneja wetu wa Eldoret hakujisumbua kutazama kushoto wala kulia. Alinitazama mimi.

"Madam, hii ni yako. Wewe ni mtu wa watu."

Mtu wa watu! Asubuhi hiyo nilikuwa nimegombana na nusu ya ofisi kabla hata ya chai ya saa nne.

Nitasimulia haya kwa kucheka, maana ndivyo nilivyoumbwa na sijaona faida ya kununa. Lakini ujue mapema kwamba ndani ya kicheko hiki kuna mtu. Katika mpango huo huo wa kusaidia watu, tulikuwa tunampoteza mmoja, mpima maziwa wetu. Naye alikuwa ametuomba msaada kwa njia ya heshima kuliko zote anazozijua. Ni sisi wenye vyeti tulioshindwa kumsikia.

Cheti changu nilikipata Naivasha, katika hoteli moja yenye viboko nje na nyama choma ndani. Mwalimu wetu alikuwa bwana mmoja aliyevaa viatu vizuri bila soksi, na kila akiuliza swali alifumba macho kana kwamba jibu litamuumiza. Mengi aliyofundisha niliyaacha pale pale mezani pa chakula. Nilirudi na mawili tu. La kwanza, siri ya mteja ni siri. La pili, mtu akija akasema "nina rafiki yangu ana shida," basi rafiki ndiye yeye mwenyewe. Hilo la pili alilirudia mpaka tukawa tunamalizia sentensi pamoja naye, kama watoto wa shule ya Jumapili.

Nikarudi Eldoret nikiwa mtaalamu.

Meneja alitaka uzinduzi, maana huku kwetu jambo lisilozinduliwa ni kama halipo. Aliletwa kijana wa mazoezi mwenye spika kubwa, na wafanyakazi wote wakarushwa-rushwa uwanjani wakiwa na gambuti nyeupe za mpira za kiwandani na kofia za nailoni. Mama mmoja wa kufunga pakiti aliteguka mguu. Tangu siku hiyo mpango ukaitwa Welnesi, na maana ya Welnesi ikawa kuruka. Nilipotangaza kwenye maombi ya Jumatatu kwamba kila Alhamisi mshauri atakuwepo kwa yeyote mwenye mzigo moyoni, mzee mmoja wa boila aliinua mkono akauliza kama wenye magoti mabovu watasamehewa.

Mshauri mwenyewe alikuwa mama wa makamo mwenye ofisi yake mjini, mpole wa sauti, mwenye kuvumilia kimya kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Watu walimwita Daktari, naye kila mara akasema yeye si daktari, nao wakaitikia, "Sawa, Daktari." Shida yake moja ilikuwa kupenda kuuliza mtu anahisi vipi. Huku kwetu ukimwuliza mtu anahisi vipi anakujibu "tuko tu," na hapo amemaliza hotuba.

Chumba nacho kilikuwa mkosi. Kilichokuwa wazi ni kimoja tu, kile cha karibu na geti ambamo kwa miaka mingi watu waliitwa kupewa barua za kufukuzwa kazi. Tulikipaka rangi ya samawati, tukaweka viti vya mito na boksi la tishu. Meneja, kwa kutaka kusaidia, akabandika mlangoni karatasi kubwa: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Nikamwambia ile habari ya kifo mlangoni haivutii wateja. Akasema ni methali, na methali haimuui mtu.

Mtu wa kwanza niliyemwalika, fundi mmoja aliyeunguliwa na nyumba, alifika amevaa tai. Nyuma yake alikuja shemasi wa kanisa lake kama shahidi. Nyuma ya shemasi, akijaza mlango mzima, akaja mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wakaketi wote watatu upande mmoja. Mwakilishi akakohoa, akamwuliza mshauri mashtaka ni yapi.

Huyu mwakilishi inabidi nimweleze, kwa sababu yeye ndiye habari yenyewe. Ni bonge la mtu, kazi yake ni kwenye chumba baridi cha kuhifadhi maziwa, na ana sauti ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti. Anapenda utaratibu kuliko anavyopenda ugali: onyo la mdomo, onyo la maandishi, kikao, rufaa. Nilimkalisha ofisini nikamweleza kwamba yanayosemwa mle ndani hayaandikwi kwenye faili ya mtu na hayamfukuzishi mtu.

"Kwa hivyo ni korti bila hukumu," akasema.

"Tuseme hivyo."

"Na mshtakiwa ni nani?"

"Hakuna mshtakiwa."

"Basi tutaitumia," akasema, kama mtu anayekubali mkataba mbaya kwa sababu hakuna mwingine.

Na kweli wakaanza kuitumia, mmoja mmoja, wakija kwangu kutafuta nafasi. Mwalimu wa Naivasha angelia kwa furaha. Kumbe kiwanda kizima kilikuwa kimejaa marafiki! Yule mzee wa boila alikuwa na rafiki anayekunywa pombe kupita kiasi, na rafiki huyo alinukia mpaka kwenye meza yangu. Dada wa maabara alikuwa na rafiki aliyeachwa na mchumba, akaniambia hayo huku machozi ya rafiki yakimtoka yeye. Mimi niliitikia kwa uso mzito, nikawaambia wamlete rafiki Alhamisi. Alhamisi rafiki alikuja, akiwa peke yake, katika mwili ule ule.

Sasa huyo mpima maziwa. Yeye alisimama kwenye mapokezi, pale wakulima wanapofika alfajiri na mitungi yao kwa punda, kwa pikipiki na kwa pikapu. Alikuwa mtu mwembamba, mnyamavu, ila mbele ya mtungi mbaya Mungu alimpa ulimi. Alifungua kifuniko, akakinusa, akamtazama mwenye mali. "Mama, hii maziwa imelala nje." Kwa aliyeongeza maji aliuliza tu, "Mzee, hii ulikamua ng'ombe ama mto?" Wakulima walimwogopa, wakamtukana, na wakaniambia kwa siri kwamba ndiye mtu pekee kiwandani asiyehongeka.

Mkewe alifariki mwaka uliotangulia mpango huu. Tulifanya ipasavyo: kamati ikaundwa, basi likakodishwa, tukaenda Kesses kumzika, tukaimba, tukala, meneja akasema maneno, tukarudi. Alirejea kazini upesi sana, na sote tukamsifu kwamba huyu ni mwanaume. Kisha tukamsahau, maana mtu anayefika kazini kwa wakati hana shida. Hiyo ndiyo imani ya ofisi yetu.

Baadaye kidogo akaacha kukataa maziwa. Alifungua kifuniko, akanusa, akaitikia kwa kichwa, mtungi ukapita. Wakulima walifurahi, wakasema hatimaye Bwana amemgusa. Siku moja tangi zima likachachuka. Mkuu wa ubora akataka apewe onyo la maandishi, na mimi, mtu wa watu, nikaanza kuliandaa. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba mtu anaweza kuchoka mpaka asijali tena kama maziwa yameharibika.

Ni katika siku hizo mwakilishi alipokuja ofisini kwangu akafunga mlango. Mwakilishi hafungi mlango. Mlango ukifungwa sauti yake haina pa kwenda.

"Madam, nataka nafasi kwa huyo Daktari. Kuna memba wangu amelemewa."

Nilijizuia nisitabasamu. "Memba."

"Memba. Hali chakula vizuri, halali, anasema amechoka na hajafanya chochote cha kuchosha."

"Na huyo memba ni mtu wa rika lako?"

"Hapo hapo."

"Mnene kama wewe?"

"Hapana, yeye ni mwembamba."

Nikasema moyoni, tazama binadamu. Hata akijificha nyuma ya rafiki, anatumia nafasi hiyo kupungua mwili.

Nilimpa nafasi. Alikwenda Alhamisi hiyo, akaenda iliyofuata, na nyingine, akipita dirishani pangu na uso wa mtu anayekwenda mahakamani. Mle ndani sikujua wanasema nini wala sikuuliza. Niliona fahari tu. Kama mpango umemfikia huyu mwamba, nikawaza, utamfikia yeyote. Nilimtazama mpaka nikaanza kumwonea huruma. Nikaacha kumjibu kwa ukali, siku moja hata nikampa andazi langu, naye akalichukua kwa mashaka makubwa.

Kisha, Alhamisi moja, akatoka mle chumbani akaja moja kwa moja kwangu, amefura.

"Madam, nakuja kuleta malalamiko rasmi. Hiyo Welnesi yenu haifanyi kazi."

"Keti kwanza."

"Siketi. Mimi nimepeleka kesi ya memba. Nimeieleza vizuri, mwanzo mpaka mwisho. Sasa huyo mama ananiuliza, 'Na wewe unalala vipi?' Mimi! Mimi nalala kama gunia, uliza bibi yangu! Nikirudi tena ananiuliza baba yangu alikuwa mtu wa aina gani. Baba yangu ameingilia wapi hii kesi? Eti nimsamehe. Eti nipunguze chai, nitembee jioni. Leo ndio amenimaliza kabisa. Ameniangalia kwa macho, ameniuliza kama nafikiria kujiua."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nitajiuaje na nyumba ninayojenga Kimumu, kuta hazijafika hata linta?"

Hapo ilibidi nigeukie kabati nijifanye natafuta faili. Nilipopata uso wa kazi nikamrudia kwa ile sauti laini ya Naivasha, nikamwambia kwamba wakati mwingine ni vigumu kukubali, na kwamba labda huyo memba ana ujasiri zaidi kuliko anavyodhani, na kwamba angekuja tu yeye mwenyewe, kama yeye mwenyewe.

Alinitazama kama mtu anayetazama kondoo aliyeanza kuongea.

"Yeye mwenyewe hawezi kuja. Alinituma mimi! Kwani mtu akitaka kuoa huku, anaenda kuongea mwenyewe? Si anatuma watu? Wewe Madam, bwana yako alikuja kwenu kujisemea?"

Hakuja. Alituma wazee, nao wakazungumza tangu asubuhi mpaka magharibi, na yeye bwana harusi akakaa kona akila karanga bila kufungua kinywa. Nilikumbuka hilo na moyo ukanishtuka kidogo, lakini kidogo tu. Ukishasomea jambo, ni kazi kulitoa kichwani.

"Sawa," nikasema. "Alikutuma."

"Alinituma! Na kila wiki nampelekea majibu." Akashika kitasa cha mlango. Ndipo nikaona anavyochechemea. Mwakilishi alijulikana kwa gambuti zake zilizopasuka. Tulikuwa tumemwahidi nyingine tangu enzi. Sasa miguuni alikuwa na gambuti nyeupe safi, zimembana mpaka nyama ya miguu imefura juu ya ukingo.

"Hizo umepata wapi?"

"Za huyo memba. Amenipea juzi. Anasema nikae nazo, yeye hatazihitaji tena. Zinaniua, lakini ningekataa vipi? Redio amepea jirani. Ng'ombe amepeleka kwa dada yake."

Kicheko changu chote kilikauka. Kutoka kwenye kile chumba cha mafunzo huko Naivasha, sentensi moja ambayo hata sikujua nimeisikia ilinirudia: mwangalie anayeanza kugawa vitu vyake.

"Memba ni nani?" nikauliza.

"Si ulisema ni siri?"

"Memba ni nani, wewe bwana!"

Akanitajia mpima maziwa.

Nikaomba namba yake, nikapiga. Mteja hapatikani. Nikauliza mapokezi, wakasema ameomba siku ya mapumziko. Nikatimka mbio mpaka chumba cha samawati nikaingia bila kubisha, na mshauri aliponiona akaanza kusema hawezi kuzungumzia mteja. Nikamwambia huyu si mteja. Nikamwambia mteja hajawahi kufika. Mwakilishi, nyuma yangu, akaongeza kwa sauti yake kamili kwamba hilo ndilo amekuwa akisema tangu mwanzo. Sijawahi kuona mtu akipauka vile. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alichukua mkoba wake akasema, "Twende."

Nikaendesha pikapu ya kiwanda mimi mwenyewe, mshauri katikati, mwakilishi dirishani amekunja magoti mpaka kidevuni. Sitaki kudanganya: niliogopa. Niliwaza lile onyo la maandishi mezani kwangu likingoja sahihi. Tulipokaribia Kesses, mwakilishi akapiga dashibodi.

"Simama hapo dukani."

"Kuna nini?"

"Mkate na sukari."

"Bwana wee, mtu anaweza kuwa anakufa!"

"Ndiyo maana. Tukiingia mikono mitupu atajua tumekuja kwa sababu ya shida, atafunga roho. Tukiingia na mkate sisi ni wageni."

Nilimtukana kimoyomoyo kwa lugha ya mama yangu, ambayo ina utajiri mkubwa katika eneo hilo. Lakini nilisimama. Alinunua mkate, sukari, na kwa kuwa akili yake ilikuwa imevurugika kama zetu, pakiti mbili za maziwa ya kiwanda chetu, kumpelekea mtu aliyeyapima.

Nyumba yake iko mwisho wa ploti, ukishapita safu ya vyumba vya kupanga vya wanafunzi wa chuo. Muziki ulikuwa unavuma, nguo zimeanikwa kila mahali. Na kwenye kila mlango kulikuwa na kuku aliyefungwa mguu kwa kamba. Mlango baada ya mlango, kuku, kuku, kuku. Msichana mmoja alikuwa amechuchumaa akimtazama kuku wake, wasielewane.

"Mzee yuko?" nikamwuliza.

"Ako ndani. Ametugawia kuku asubuhi, kila room yake. Sisi hata hatujui kuchinja."

Mwakilishi akatutangulia, gambuti zikimlilia kila hatua, akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena, akaita kwa sauti iliyozima muziki wa vyumba vyote. Nikahesabu pumzi zangu. Halafu komeo likasogea ndani.

Mpima maziwa alisimama mlangoni amevaa shati lililopigwa pasi. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akautazama mkate.

"Karibuni," akasema. "Sikuwa natarajia wageni."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mwakilishi akasema, akaingia kabla ya kuruhusiwa, akaketi.

Ndani kulikuwa safi mno. Kuta zilikuwa wazi, na palipokuwa na picha palibaki alama tu. Akawasha jiko, akachemsha maziwa tuliyokuja nayo, akatia majani na sukari, na mimi nikafikiri pengine tumeogopa bure, pengine mtu huyu anapenda usafi tu. Kisha akaleta chai. Kikombe kilikuwa kimoja.

"Vingine nimepea hawa watoto wa chuo," akasema.

Akampa mshauri kikombe. Mimi nikapewa chai kwenye kifuniko cha chupa ya chai, na mwakilishi kwenye bakuli la plastiki. Tukanywa. Mwakilishi akaanza kusema kama inavyopasa: mvua, mahindi, viwavi kwenye mahindi, afya ya dada, barabara. Nilitaka kumziba mdomo na ule mkate. Mshauri alinyamaza, akimtazama mwenyeji wetu kama hakuna mwingine duniani. Na taratibu nikaona mabega ya mpima maziwa yakishuka, akajibu kuhusu mahindi, akajibu kuhusu viwavi.

Mwishowe mwakilishi akafika alipokuwa akienda. "Na huyu mama ndiye yule nilikuwa napelekea maneno yako."

Mpima maziwa akamgeukia mshauri kwa heshima. "Asante, Daktari. Nimefanya yote ulisema."

Mshauri akakunja uso. "Niliyosema?"

"Nimepunguza chai. Nimetembea kila jioni mpaka kwa mto na kurudi. Ulisema nimsamehe baba. Sasa baba yangu hakunikosea kitu, alikuwa mtu mzuri. Lakini kwa sababu umesema, nilienda kwa kaburi yake nikamsamehe tu. Nikiwa hapo nikaona kaburi ya bibi yangu iko karibu, nikakaa nayo kidogo. Hiyo ilinisaidia. Hiyo siku nilikula."

Tukamgeukia mwakilishi. Alikuwa akichunguza dari.

"Nilipatiwa majibu," akasema polepole. "Ningerudi kwa mtu aliyenituma bila jibu?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nikafanya yote mawili ndani ya kifuniko cha chupa. Mtu huyu alikuwa akila dawa ya mwenzake kwa wiki kadhaa, dozi kamili, kwa utiifu, na dawa isiyo yake ndiyo iliyomfikisha hadi siku hiyo.

"Nilimpa pia namba yangu ya simu," mshauri akasema. "Ilikufikia?"

"Ilifika."

"Hukupiga."

"Nilikuwa nimetuma mtu tayari. Ningepiga ningekuwa nimemruka." Alisema hivyo kama jambo ambalo hata mtoto analijua. "Nilikuwa nangoja labda utaniita."

Mshauri akaweka kikombe chini. Akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akamwita kwa jina lake, akamwuliza kwa sauti ile ile ya upole, bila kuzunguka, "Unafikiria kujiua?"

Huku kwetu neno hilo halisemwi nyumbani kwa mtu. Nilimwona mwakilishi akishtuka kana kwamba amemwagiwa maji ya chumba baridi. Kwa mazoea ya miaka yote akavuta pumzi, akafungua kinywa amjibie memba wake. Mpima maziwa akanyoosha mkono akamwekea gotini.

"Wacha," akasema. "Hii nitajibu mwenyewe."

Muziki wa wanafunzi ukafika mwisho wa wimbo. Nje kuku mmoja alikuwa akigombana na kamba yake.

"Ndiyo, Daktari," akasema. "Ilikuwa iwe leo."

Mshauri hakupiga kelele wala hakusali. Alimwambia asante kwa kumwambia. Alimwambia kwamba leo hatabaki peke yake, na kwamba jioni hii hii tutakwenda naye hospitalini kumwona daktari wa kweli, sote wanne, na kesho atakuwa na mtu, na kesho kutwa vilevile. Mpima maziwa akasikiliza hayo yote akitazama mikono yake, kisha akauliza kama aende na shati hilo hilo.

Ni hapo mwakilishi alipovunjika. Sijawahi kusikia mwanaume akilia namna ile. Alilia kwa sauti ile ile anayotumia kudai nyongeza ya mshahara, bakuli la chai likimtetemeka mkononi, akisema nilikuambia vibaya, nilikuambia vibaya, kila wiki nilikuambia vibaya. Mimi sikuweza kuinuka. Mpima maziwa ndiye aliyeinuka. Akamnyang'anya bakuli kabla halijamwagika, akaliweka mezani, akasimama karibu na mtu yule mkubwa na kumpapasa bega, kama unavyomtuliza ng'ombe mgeni.

"Nyamaza, bwana," akamwambia. "Nyamaza. Si niko?"